UZI: ZZT, gemu ya herufi tupu iliyouzwa kwa kugawiwa bure

Kibodi Kuukuu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kule kwenye uzi wa Fortnite kuna kijana kaandika kwamba Epic Games, wenye Fortnite yao, walianza na mitaji ya matajiri. Sikutaka kuharibu uzi wa watu, nimeamua kufungua wangu. Epic ilianzia kwenye nyumba ya wazazi wa mwanzilishi wake, Potomac, jimbo la Maryland, na bidhaa yake ya kwanza ukimwonyesha mtoto wa leo atakuuliza kama kioo cha kompyuta kimepata maji.

Gemu inaitwa ZZT. Mwenyewe ni Tim Sweeney, wakati huo mwanafunzi wa uhandisi mitambo Chuo Kikuu cha Maryland, kijana ambaye kabla ya hapo alikuwa akipata hela kwa kufyeka nyasi kwenye nyumba za wenye uwezo. ZZT ilitoka Januari 1991. Ofisi hakuna, wafanyakazi hakuna.

Na hakuanza kwa kusema anatengeneza gemu. Alikuwa anaandika kwa Turbo Pascal, chombo cha kutungia programu, programu ya kuandikia maandishi, ya kumsaidia mwenyewe kazini. Ikamchosha. Akaanza kuichezea: kile kimstari kinachomemeta pale unapoandika akakigeuza kisura kinachotabasamu, ☻, halafu akaamua herufi fulani zizuie kupita, nyingine zisukumike, nyingine ziokoteke. Hapo tayari ana gemu. Kwa hiyo ZZT ina damu ya kihariri maandishi, na hilo lishikeni maana ndilo kiini cha uzi huu.

Picha hamna hata moja. Kila kitu ni herufi kutoka kwenye zile alama 256 za DOS, mfumo wa kompyuta wa enzi hizo, kwa rangi 16. Simba ni Ω, chui milia ni π, dubu ni Ö. Kito ni ♦, ufunguo ni ♀, jiwe la kusukuma ni ■. Skrini ya DOS ina nafasi 80 kwa 25; uwanja wa mchezo unachukua 60 kwa 25, kile kipande cha kulia kinabaki cha hesabu zako: afya, risasi, mienge, vito, funguo.

Unaanza na afya 100, ukiokota kito unaongezewa 1. Kuna risasi na kuna wanyama wa kukutafuna, ila utamu wake ni mafumbo. Jiwe ■ linasukumika pande zote nne. Kuna lingine ↔ linakwenda kulia na kushoto tu, na ↕ linakwenda juu na chini tu. Hayo matatu peke yake yanatosha kukukalisha mpaka usiku. Unasukuma jiwe, linafunga njia ya kurudi, unakaa unaangalia skrini kama umedhulumiwa.

Kwenye dunia ya kwanza, Town of ZZT, kazi yako ni kutafuta funguo tano za zambarau uingie ikulu. Injini inakuruhusu kubeba ufunguo mmoja tu wa kila rangi. Ukishapata mmoja, urudi ukautumie ndipo uufuate mwingine. Sheria ndogo hivyo, lakini ndiyo inayokulazimisha kuujua mji mzima.

Sasa biashara. Town of ZZT ilitolewa bure. Ushushe, unakili kwenye disketi, mpe jirani, mpe adui. Ukiimaliza na ukanogewa, unatuma hela kwa posta nyumbani kwa kina Sweeney, unarudishiwa disketi yenye Caves, Dungeons na City. Hiyo ndiyo sheawea. Mwenyewe amewahi kueleza kwenye mahojiano kwamba ilikuwa inamwingizia kama dola 100 kwa siku, kwa kuuza nakala tatu nne. Kwa mwanafunzi wa 1991 anayelala kwa wazazi, hiyo ni hela.

Ila kuna kitu alichokifanya ambacho mwanabiashara yeyote wa kawaida angemwita mjinga. Ndani ya ile nakala ya bure aliweka kihariri chake kizima. Unabonyeza E kwenye ukurasa wa mwanzo, unapata vyombo vyote alivyotumia yeye kujenga Town of ZZT. Unajenga dunia zako, unazigawa, humlipi senti. Nitarudi hapo, naona kuna wageni mlangoni.

---

mpiga_soga

Naweka kambi hapa. Tiririka mkuu.

---

Dogo wa Sinza

Kaka mkubwa, samahani, lakini gemu bila picha mtu analipia nini hasa? 1991 si Nintendo zilikuwepo na Mario yupo na rangi zake?

---

Kibodi Kuukuu

Dogo, zilikuwepo. Tena Sweeney alikuwa anajua kabisa kwamba hawezi kushindana nazo kwa picha, yuko peke yake. Kuchora kungemla mwaka. Kwa kutumia herufi alibaki na muda wa kufikiria sheria za mchezo. Na faili ikawa ndogo, jambo ambalo leo hatulijali. Watu walikuwa wanashusha vitu kwa modemu juu ya laini ya simu, kwenye vituo vya BBS, yaani kompyuta ya mtu nyumbani kwake inayopokea simu za wenzake. Kilobaiti moja ilikuwa na bei.

Jina lenyewe ni la ujanja huohuo. Orodha za mafaili kwenye BBS zilipangwa kwa alfabeti, na ZZT inakaa mkiani, unaiona kabla hujakata simu.

---

Mzee wa Disketi

Mwenye uzi, shikamoo zangu nazipokea kwa vijana wote humu. Naomba niongeze historia kidogo kabla hamjampa Sweeney sifa zisizo zake.

Huu mtindo ulianza 1982 huko Marekani, na watu wawili bila kuambiana. Andrew Fluegelman alitoa PC-Talk, programu ya modemu, akasema nakili uwezavyo, ukiipenda nitumie mchango. Jim Knopf, aliyejulikana kibiashara kama Jim Button, akafanya hivyohivyo na PC-File, ya kupangia kumbukumbu. Mwaka uliofuata akaja Bob Wallace, aliyekuwa miongoni mwa wafanyakazi wa mwanzo kabisa wa Microsoft, na PC-Write. Huyu ndiye aliyelieneza jina la sheawea, na alikuwa mjanja kuliko wote. Ukijisajili unapewa namba yako. Ukimnakilia rafiki na yeye akalipia, kwenye dola 75 zake wewe unapata 25. Kila mnunuzi anageuka wakala.

Sasa kwetu huku ilikuwa hadithi nyingine. Mimi nilijifunza DOS pale Kariakoo, chumba cha juu ya duka la vitambaa, kompyuta nne na feni moja. Disketi zilifika kwa mabaharia, kwa ndugu aliyetoka masomoni, kwa mkufunzi. Unafungua faili la maelezo unakuta wanataka hundi ya dola itumwe Marekani. Mwanangu, maduka ya kubadilisha fedha yenyewe yaliruhusiwa 1992! Hundi ya dola mwanafunzi anaitoa wapi? Kwa hiyo ile sehemu ya kwanza ndiyo ilikuwa gemu yote. Kizazi chetu kinajua mwanzo wa michezo mingi na mwisho wa michezo michache sana.

---

Kisauni Finest

Hahaha mzee umenimaliza na hiyo ya mwisho. Hata huku Mombasa ilikuwa hivyo hivyo, tulikuwa tunacheza episode ya kwanza ya Doom mpaka tunajua kila kona, ya pili tunaisikia tu kwa wenye wajomba majuu.

Lakini swali: hii si ndio ile ya WinRAR, programu ya kubana mafaili? Siku arobaini zinaisha, inakuomba ulipe, unabonyeza funga, maisha yanaendelea.

---

Kibodi Kuukuu

Mzee, marahaba… yaani, shikamoo kwanza. Asante kwa nyongeza.

Kisauni, WinRAR ni tawi lingine la mti huohuo. Pale unapewa kitu kizima, unaombwa uungwana. Waandishi wa gemu waliona mapema kwamba uungwana haulipi. Scott Miller wa Apogee, Texas, ndiye aliyelitengua hilo mwaka 1987 na michezo yake ya Kroz, nayo ya herufi tupu. Badala ya kuomba mchango, alitoa sehemu ya kwanza bure, sehemu zinazofuata ukazinunue kwake. Sweeney aliiga huko waziwazi. Na Doom mnayoikumbuka, ya Desemba 1993, ilipita mlango uleule: sehemu ya kwanza bure, iliyobaki kwa hela.

Kwa hiyo Mzee yuko sahihi, mtindo wa kuuza haukuwa wa Sweeney. Kilichokuwa chake ni kile kihariri. Kroz ilikupa vyumba. ZZT ilikupa vyumba pamoja na mwiko na matofali.

Kihariri chenyewe hakikuishia kwenye kuchora kuta. Kilikuwa na kilugha chake, ZZT-OOP. Unaweka kitu kwenye uwanja, unakipa herufi utakayo, unakiandikia tabia. Mfano, mlinzi wa mlango anayetaka rushwa ya vito kumi:

@mlinzi
#end
:touch
#take gems 10 hana
Pita, mgeni.
#die
:hana
Leta vito kumi kwanza.
#end

Mstari wa kwanza ni jina lake. Kile #end cha juu kinamwambia atulie. Mchezaji akimgusa, anaruka hadi :touch. Anajaribu kuchukua vito kumi. Visipotosha anakimbilia :hana na kudai. Vikitosha anasema pita, kisha anatoweka na njia inafunguka. Mtoto wa darasa la sita anaielewa jioni moja. Nani alikuwa anamfundisha mtoto wa 1991 kuandika programu kwa namna hii? Na bure?

---

Dogo wa Sinza

Duh. Hapo sasa nimeelewa.

---

Fundi Baiti

Wakuu, nimeisoma kodi ya hii gemu, yaani maandishi ya programu yenyewe, acha niwape kisa cha ufunguo mweusi, ni kitamu kwa wanaopenda mambo ya ndani.

Funguo za ZZT ni rangi saba: buluu, kijani, samawati, nyekundu, zambarau, njano, nyeupe. Zimetunzwa kwenye safu yenye nafasi 1 hadi 7, kila nafasi ni ndiyo au hapana. Nyeusi haimo. Lakini kihariri ukikibembeleza unaweza kuweka ufunguo mweusi uwanjani, na rangi nyeusi namba yake ni 0. Mchezaji akiuokota, programu inaandika "ndiyo" kwenye nafasi ya 0, ambayo haipo. Turbo Pascal usipoiambia ikague mipaka, haikagui. Inaandika tu kwenye baiti iliyo jirani, nyuma ya safu.

Na jirani ni nani? Idadi ya vito. Ni namba ya baiti mbili, na ile baiti ya juu ndiyo inayopakana na funguo. Ukiiandika 1 pale, umeongeza vito 256 kwa mpigo. Mlango mweusi unafanya kinyume, unakunyang'anya 256. Na kama tayari una vito 256 au zaidi, gemu inakuambia ufunguo mweusi unao, hata kama hujawahi kuuona!

Watengenezaji wa dunia za ZZT walipogundua hilo hawakulalamika. Wakaanza kulitumia.

---

mpiga_soga

Yaani hela za bure kwa sababu jirani alisahau kujenga uzio 😂😂

---

binti_makorora

Fundi, kodi umeisoma wapi? Niliwahi kusikia ilipotea.

---

Fundi Baiti

Ilipotea kweli, dada. Sweeney mwenyewe hakubaki nayo. Iliyopo ni ya kuundwa upya: Adrian Siekierka alichambua lile faili la ZZT hatua kwa hatua, akaandika Pascal ambayo ukiipitisha kwenye Turbo Pascal inakurudishia faili lilelile, baiti kwa baiti. Ilitoka Machi 2020, kwa ridhaa ya Sweeney, na leseni ya MIT, yaani ruksa kuitumia na kuibadilisha. Watu wamefanya hivyo kwa programu ambayo thamani yake sokoni ni sifuri. Mapenzi hayo.

---

Mtaa wa Saba

Naomba niwe mchawi wa uzi. Mnaisifia sana sheawea kama ilikuwa peponi. Kwa kila ZZT kulikuwa na mamia ya gemu za watu waliotoa sehemu ya kwanza wakakaa dirishani kusubiri posta, na posta haikuja. Tena zile nyingi zilikuwa mbovu, tuseme ukweli. Nyie mnasimulia aliyeshinda.

---

Kibodi Kuukuu

Mtaa wa Saba, hilo nakupa mkono kabisa. Hata ZZT yenyewe haikuwa mlima wa hela. Mauzo yake yote ni nakala elfu chache. Gemu yao nyingine, Jill of the Jungle ya 1992, ndiyo iliyowaonyesha kwamba hii inaweza kuwa kampuni hasa. Lakini angalia zile elfu chache zilizaa nini. Watu walijenga dunia za ZZT kwa maelfu, wakazisambaza kwenye BBS, baadaye kwenye huduma ya mtandao ya AOL. Epic wakaendesha shindano, wakatoa ZZT's Revenge iliyojengwa na wachezaji. Allen Pilgrim, aliyekuwa akijenga dunia kama mchezaji, ndiye aliyekuja kuwajengea za Super ZZT, toleo lililofuata, kisha akawatengenezea gemu ya Kiloblaster. Yaani kihariri kiligeuka kuwa usaili wa kazi bila tangazo. Miaka ikapita wakaja na gemu ya Unreal, 1998, na ndani yake wakaweka tena kihariri. Unreal Engine, chombo cha kutengenezea gemu kinachokodishwa leo dunia nzima, ni wazo lilelile la 1991 lililonenepa.

Ndiyo maana nilikasirika kule kwenye uzi wa Fortnite. Mtu anaona jengo, hajui kwamba msingi wake ni kijana aliyewapa watu mwiko.

---

Mzee wa Disketi

Na msisahau baba yake. Oda za ZZT ziliendelea kufika nyumbani pale hata baada ya kampuni kuhama, na mzee Paul Sweeney aliendelea kuzifunga na kuzipeleka posta hadi mwishoni mwa 2013. Miaka 22! Dunia zenyewe Epic walishaziachia bure tangu 1997, lakini mtu akitaka disketi yake halali, mzee anamfungia.

---

Kisauni Finest

Baba wa taifa huyo. Wangu aliuza PlayStation yangu nikiwa shule.

---

Jenga Gemu TZ

Wakuu, mimi natengeneza gemu ya bao kwa ajili ya simu. Nimeufuatilia uzi kimya lakini mmenigusa. Nifanye nini: niweke matangazo, au nitoe nusu bure nusu kwa M-Pesa?

---

Kibodi Kuukuu

Bao lina shida moja kwa mtindo wa Kroz: halina sehemu ya pili. Ukishampa mtu bao umempa bao, huwezi kumwambia nusu ya mashimo ni ya kulipia. Kwa hiyo kata kwingine. Kucheza liwe bure kabisa, na watu wawili kwenye simu moja wacheze bila intaneti. Halafu tengeneza chombo cha kupanga kete utakavyo na kutuma fumbo: "zamu ni yako, maliza kwa mkupuo mmoja". Mafundi wa bao hawatakosa, watatumiana usiku kucha kwenye WhatsApp, kila fumbo linabeba jina la gemu yako. Hela uichukue kwa kitu ambacho aliyekolea tu ndiye atakitaka, kama mpinzani mkali wa kompyuta au kumbukumbu za michezo yake. Malipo madogo kwa simu hatukuwa nayo enzi za Mzee. Leo unalipia ukiwa kwenye daladala.

---

Mtaa wa Saba

Hapo umesema. Matangazo kwenye bao ni matusi.

---

binti_makorora

Turudi kwenye ZZT. Nimeiweka jana kwenye DOSBox, programu ya kuendeshea vitu vya DOS kwenye kompyuta za leo, na kwa wavivu ipo pia kwenye Makumbusho ya ZZT mtandaoni, inachezeka ndani ya kivinjari. Nimecheza kidogo, nikaishia kubonyeza E. F1 vitu vya kuokota, F2 viumbe, F3 kuta na mawe. Nimejenga chumba cha mawe sita, yasukumwe mpaka kwenye kona fulani, kama ile Sokoban ya Wajapani. Shida: mdogo wangu kajaribu, kasukuma jiwe likagota pembeni, halitoki. Hakuna kuvuta. Amekwama, analia eti nimemtegea. Nifanyeje bila kumwanzishia mchezo upya?

---

Fundi Baiti

Weka swichi ya kurudisha mawe, dada. Kitu kimoja mlangoni:

@swichi
#end
:touch
#change boulder empty
#jiwe:weka
#end

Hicho kinafuta mawe yote ya chumba, kisha kinaita kila kitu chenye jina "jiwe". Hivyo vitu viwe sita, uvifiche ukutani kwa kuvipa herufi na rangi ya ukuta, kila kimoja juu ya pale jiwe linapoanzia:

@jiwe
#end
:weka
#put s boulder
#end

---

binti_makorora

Mawe yangu mawili yanaanzia katikati ya chumba, hakuna ukuta juu yake.

---

Fundi Baiti

Basi jenga nguzo pale, au yasogeze. Ukiacha kitu wazi katikati mtoto atajaribu kukisukuma, na akikuta hakisukumiki atalia tena.

---

binti_makorora

Nguzo zimekaa, swichi inafanya kazi. Sasa hivi yeye ndiye ameshika kibodi, ananijengea mimi chumba. Amejaza simba.